Ugomvi wa macho, tukaupeleka kwenye makaratasi

Msuluhishi alivua miwani, akaiweka pembeni, akaziinua marumaru mbili kwa zamu hadi karibu na uso wake. Zote nyeupe zenye mishipa ya kijivu, sentimita 60 kwa 60, nyuma zimebandikwa karatasi ndogo: Kielelezo A na Kielelezo B. Tulikuwa kwenye chumba cha mikutano cha kukodi, Upanga, mapazia yamefungwa kwa sababu ya jua la mchana, juu yetu zinawaka taa ndefu za dari.

“Nionyesheni tofauti,” alisema.

Injinia akanyoosha kidole. “Hiyo B, Mheshimiwa. Imeingia umanjano.”

Hajji akatikisa kichwa. “Mheshimiwa, kama kuna iliyoingia umanjano hapo, basi ni A. Na A ndiyo anayoisifu yeye.”

Mawakili wakatazamana. Mimi niliitwa kuthibitisha ankara na malipo tu, lakini nilizikodolea macho marumaru zile mpaka yakaanza kuwasha. Chini ya taa zile nisingethubutu kuapa ipi ni ipi.

Msuluhishi akavaa miwani, akaandika maneno machache, akasema tuendelee na hati za kupokelea mzigo.

Wiki zimepita na nimeshindwa kuliacha jambo hili. Fedha nyingi zilitumika, watu wazima wenye akili zao walikaa chumbani kutwa, na swali lililotuleta pale lilipata kama dakika mbili.

Injinia na Hajji wameniruhusu kuandika, kwa sharti nisiwataje wala nisitaje jengo. Nitalishika sharti hilo, na kuhusu sharti lenyewe nina la kusema huko mbele.

Sakafu ya Tegeta

Injinia ni mkandarasi wa majengo, mwanamke aliyeanza kwa kujenga uzio wa watu na sasa anajenga nyumba za kupangisha. Mimi ndiye mhasibu wake. Hajji anaagiza vifaa vya ujenzi kutoka China; duka lake liko Kariakoo na ghala liko Buguruni. Wamefanya biashara miaka mingi, kwa mkopo wa siku 90 ambao hakuna mwingine mjini anayempa Injinia kwa masharti yale.

Oda ilikuwa moja, mzigo ukaja kwa makontena mawili. La kwanza likabandikwa, kila mtu akafurahi. La pili lilichelewa, likafika wakati tarehe ya makabidhiano imekaribia, na mafundi wakafanya kazi usiku kwa taa. Asubuhi mwenye jengo alisimama mwanzoni mwa korido, akauona mpaka: huku nyeupe ya maziwa, kule nyeupe iliyochoka.

Injinia akazuia salio la kontena la pili. Hajji akasimamisha mkopo.

Hoja ya Hajji ni ya mtu anayeijua bidhaa yake. Kila boksi la marumaru lina namba ya toleo la rangi imechapwa ubavuni, kwa sababu hakuna kiwanda kinachoweza kuchoma tanuri mbili zikatoka sawasawa. Maboksi yenyewe yameandikwa kagua kabla ya kubandika. “Ukishabandika,” alikuwa akisema, “umekubali.” Injinia naye alikuwa na yake: nilionyeshwa sampuli moja, nikatoa oda moja, nikapewa bei moja, kazi ya kulinganisha namba za maboksi kutoka tanuri za huko ng’ambo ni ya muuzaji, si ya fundi anayepakua usiku.

Hesabu nilikuwa namfanyia mmoja wao, na bado nilimwelewa na mwenzake. Nadhani ndiyo maana liliniganda.

Sentensi moja ukurasa wa mwisho

Mkataba wao ulikuwa na kifungu cha usuluhishi, sentensi moja ya mwisho kabla ya sahihi. Ilisema kwamba mgogoro wowote utapelekwa kwa msuluhishi mmoja, kwa mujibu wa sheria za Tanzania, na uamuzi wake utakuwa wa mwisho. Nilimuuliza Injinia ilitoka wapi. Ilitoka kwenye mkataba wa kukodi jenereta. Aliyeichapa aliona inafaa, na kusema kweli iko kwenye karibu kila mkataba ninaoufaili.

Injinia hakuikumbuka mpaka siku aliyoambiwa na wakili wa upande wa pili. Yeye alikwenda mahakamani, kama wengi wetu tungefanya. Kabla hawajajibu lolote kuhusu marumaru, wakili wa Hajji akaomba shauri lisimamishwe kwa sababu kuna makubaliano ya usuluhishi. Likasimama. Sheria yetu ya sasa ya Usuluhishi, ya 2020, iliyoanza kutumika Januari 2021 na kuiondoa ile ya 1931, iko wazi hapo: mliahidiana kwenda kwa msuluhishi, nendeni. Hata mmoja akidai mkataba umeshavunjika, kifungu hicho kinabaki kimesimama peke yake.

Tofauti na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi tunayoijua kwenye mambo ya kazi, ambayo sheria ndiyo inayokupeleka, huku kwenye biashara anayekupeleka ni sahihi yako mwenyewe. Unaruhusiwa kuchagua nani aamue, wapi, kwa lugha gani, kwa haraka kiasi gani, kwa kusikiliza mashahidi au kwa kusoma karatasi tu. Hayo yote unaruhusiwa.

Sisi tulichagua “mmoja” na “wa mwisho”.

Mengine yote yakajazwa na mawakili, kila mmoja kwa mazoea yake. Hivyo ugomvi wa rangi ukapata maelezo ya madai, majibu ya madai, majibu ya majibu, mafaili ya vielelezo, mashahidi wa kuhojiwa na kuhojiwa tena. Ada ya msuluhishi ililipwa nusu kwa nusu kabla ya kusikilizwa. Chumba kikalipiwa, mpiga chapa wa kumbukumbu akalipwa. Nilipojumlisha gharama za upande wetu nikamwonyesha Injinia, alinyamaza kwanza, kisha akasema, “Hii ni korido mpya.”

Wakati wa mapumziko nilimuuliza wakili wetu kwa nini tusiende Tegeta. Jua lilikuwa kali, barabara si mbaya, na msuluhishi ana mamlaka ya kwenda kukagua kitu chenyewe.

“Hakuna aliyeomba,” alinijibu.

Wanaopeleka macho

Kuna rafiki yangu alifanya kazi miaka ya nyuma kwenye kampuni ya kununua pamba, ile inayotoka Shinyanga na Simiyu kuja bandarini. Nilipomsimulia alishangaa. “Sisi ubora haukuwa na wakili,” alisema.

Biashara ya pamba ya dunia kwa sehemu kubwa inaendeshwa kwa kanuni za chama kilichoko Liverpool, kilichoanza 1841 kama chama cha madalali wa pamba wa mji ule. Kanuni zao zinatenganisha mambo mawili tangu mwanzo. Kuna usuluhishi wa ubora: sampuli zinapelekwa kwa watu waliokulia kwenye pamba, wanazishika, wanaziangalia, inapobidi vipimo vya mashine vinasomwa, wanasema iko daraja gani na tofauti ya bei ni kiasi gani. Halafu kuna usuluhishi wa aina ya pili, wa mambo mengine yote: meli ilichelewa, barua ya benki haikufunguliwa, nani alivunja mkataba. Swali la mkono na jicho linakwenda kwa mkono na jicho. Swali la karatasi linakwenda kwa wasoma karatasi.

Nafaka nayo iko hivyo kwa namna yake. Chama cha GAFTA cha London, ambacho mikataba yake ya kawaida ndiyo inayobeba ngano na mahindi mengi ya baharini, kina wasuluhishi wanaotoka kwenye biashara yenyewe, na asiyeridhika anaweza kukata rufaa kwenye bodi ndani ya chama hichohicho. Ni usuluhishi wenye ngazi ya pili, jambo ambalo sentensi yetu ya jenereta ilikuwa imelifuta kwa maneno mawili.

Niliposikia hayo nilianza kuuona ugomvi wetu upya. Ndani yake mlikuwa na maswali matatu yaliyofungwa pamoja kama kuni. Je, rangi zinatofautiana kuliko kawaida ya biashara hii? Hilo ni la muuza marumaru mzoefu, nusu saa, mchana, koridoni. Kama zinatofautiana, thamani imepungua kiasi gani? Hilo ni la mkadiriaji majenzi. Na je, aliyebandika bila kukagua amepoteza haki ya kudai? Hilo ndilo la mwanasheria, na lingeweza kuandikwa kurasa chache kila upande bila mtu kupanda lifti.

Tulimpa mtu mmoja yote matatu, na tukamchagua kwa sifa zake kwenye lile la tatu.

Simlaumu. Alikuwa mvumilivu, alisoma kila karatasi, na hakumkatisha mtu. Sisi ndio tuliomkalisha mwanasheria mbele ya marumaru.

Injinia alijua

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba Injinia mwenyewe aliwahi kuishi ndani ya utaratibu mzuri. Amekuwa mkandarasi mdogo chini ya kampuni kubwa za barabara, na mikataba ile ilikuwa ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ambalo mikataba yake ya mfano hutumika kwenye ujenzi mkubwa. Kwa toleo la 1999, mwenye dai anatoa taarifa ndani ya siku 28. Likishindikana kwa mhandisi msimamizi, linakwenda kwa bodi ya kuamua migogoro, ambayo ina siku 84 za kutoa uamuzi. Asiyeridhika ana siku 28 za kusema hivyo, kisha kuna siku 56 za kujaribu kuelewana, na usuluhishi unakuja baada ya hapo. Katikati ya yote hayo uamuzi wa bodi unatekelezwa, na greda haizimwi.

Hapa nchini Baraza la Taifa la Ujenzi limekuwa na kanuni zake za usuluhishi kwa miaka mingi, na makandarasi wanaufahamu mlango huo. Lakini kununua marumaru kwa mkopo kutoka kwa mtu unayemwita Hajji na anayekuita binti yangu hakuonekani kama ujenzi. Kunaonekana kama duka. Mkataba uliandikwa kwa sababu benki iliutaka, na wote wawili waliusaini kaunta huku kahawa ikimiminwa.

Nimefikiri sana juu ya kahawa ile. Wangeanza na upatanishi, mtu wa tatu wa kuwasaidia kuzungumza bila yeye kuamua, ninaamini wangemaliza. Mahakama zetu zenyewe zimekuwa na hatua ya upatanishi ndani ya kesi za madai tangu 1994. Jumuiya ya Ismailia ina bodi zake za maridhiano na usuluhishi, na wafanyabiashara wa mjini wanajua kwamba mambo mengi huishia huko bila kelele. Sasa hawa wawili walikuwa na wazee wangapi wa kuwakalisha? Lakini tayari mmoja alikuwa amefungua kesi, na mwingine alikuwa amesikia kwamba ameitwa tapeli kwenye kundi la WhatsApp la makandarasi. Baada ya hapo kila mmoja alitaka aambiwe ana haki, na mpatanishi hatoi kitu hicho.

Kuna na aina nyingine ambayo nimeisoma kwa hamu kubwa. Kwenye ligi kuu ya besiboli ya Marekani, tangu 1974, mchezaji na timu wakigombana juu ya mshahara kila upande unaandika namba moja, na wasuluhishi lazima wachague mojawapo. Hawaruhusiwi kukata katikati. Anayetaja namba ya kishenzi anajikabidhi kwa mwenzake. Niliwaza Injinia, aliyekuwa anadai kontena zima la pili lisilipwe, na Hajji, aliyekuwa hataki kupunguza hata shilingi. Wangeambiwa waandike namba moja moja chini ya sheria ile, nina hakika wangekaribiana wenyewe kabla ya bahasha kufunguliwa.

Nyuma ya Hajji kuna tanuri

Kwa muda mrefu nilimwona Hajji kama ukuta. Kilichonibadilisha ni karatasi moja kwenye faili la upande wake: proforma, yaani ankara ya awali, ya kiwanda cha Foshan, China. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na sentensi ya namna ileile ya kwetu. Migogoro yote itaamuliwa kwa usuluhishi wa CIETAC, tume ya China ya usuluhishi wa biashara ya kimataifa, Beijing.

Kwa hiyo kama kosa lilikuwa la tanuri, Hajji naye alikuwa na mtu wa kumdai. Kwa sheria lingewezekana kabisa: Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa New York wa 1958 mwaka 1964, China iliingia 1987, na tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, iliyotolewa upande mmoja inaweza kutambuliwa na kukazwa upande mwingine. Hiyo ndiyo nguvu kubwa ya usuluhishi kuliko hukumu ya mahakama kwa anayefanya biashara ya nje. Ila aende Beijing kwa kontena moja la marumaru? Mawakili wa huko, tafsiri, ada ya kituo. Mlango ulikuwepo, na haukuwa wa kimo chake.

Alikuwa amebanwa kati ya sentensi mbili alizozisaini bila kuzisoma, moja ya Upanga na moja ya Beijing, na mzigo wote ukatua juu yao wawili, mjini hapa, wakati aliyechoma marumaru hata hakujua kuna ugomvi.

Tuzo

Ilitoka ndefu na nadhifu. Nimeisoma mara nyingi, kwanza kama mhasibu, kutafuta namba, halafu kama mtu anayetaka kuelewa.

Injinia alitakiwa kulipa salio. Sababu zilikuwa mbili. Kwa kubandika marumaru alifanya kitendo cha mwenye mali, na aliyekwisha kufanya hivyo hawezi tena kuukataa mzigo; hiyo ndiyo hesabu ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa. Alikuwa bado na haki ya kudai fidia ya kasoro, lakini mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wake, na barua ya mtaalamu wake ilipingwa na barua ya mtaalamu wa Hajji, zote mbili zimeandikwa na watu ambao hawakuitwa wala kusimama koridoni.

Hakuthibitisha.

Nikatafuta ukurasa unaosema kama rangi zinatofautiana au hazitofautiani. Haupo. Na haukuhitajika, kwa sababu kisheria “hakuthibitisha” inatosha kufunga faili.

Injinia alitaka rufaa. Wakili akamweleza, kwa upole, kwamba milango ya kuipinga tuzo ni michache: msuluhishi hakuwa na mamlaka, au mwenendo ulikuwa na kasoro kubwa iliyomuumiza mtu, au kuna hoja ya sheria na masharti yake. Kusema msuluhishi hakuona kilicho mbele ya macho yake si mojawapo.

Hapa ndipo nilipoyumba. Siku kadhaa nilikuwa upande wa mahakama moja kwa moja: bora kuwe na ngazi ya juu, hata ichukue miaka. Kisha nikakumbuka wateja wangu wengine wawili ambao kesi zao zimepanda kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, na jinsi vitabu vyao vinavyobeba deni lisilojulikana kama ni mali au hasara, kila mwaka wakaguzi wanauliza, kila mwaka tunaandika maelezo yaleyale. Mmoja alikwisha kufunga duka. Injinia aliumia, akalipa kwa awamu, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa kwenye jengo lingine. Mwisho una thamani yake. Mimi ninayefunga vitabu najua thamani hiyo kuliko watu wengi.

Lakini mwisho unaoheshimika ni ule uliojibu swali. Huu ulilizunguka.

Maji yetu, na waliosema tusikilizwe

Wenye umri wangu mjini hapa wanakumbuka City Water. Ilikabidhiwa maji ya Dar es Salaam 2003, serikali ikauvunja mkataba 2005, na shauri likaenda kwenye ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji, Washington, chini ya jina la Biwater Gauff. Tuzo ya Julai 2008 ilisema serikali ilikiuka mkataba wa uwekezaji na Uingereza kwa namna ilivyoiondoa kampuni ile. Pia ilisema fidia ni sifuri, kwa sababu kampuni ilikuwa imekwisha kupoteza thamani kabla ya hapo. Kila upande ulipata aya ya kujivunia.

Na sisi wa madumu? Mwishoni mwa 2006 mashirika matano, yakiwemo LEAT ya wanasheria wa mazingira, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TGNP, mtandao wa jinsia, wa hapahapa mjini, yaliomba kuingizwa kama marafiki wa jopo, kwa hoja kwamba maji ya watu hayawezi kuzungumzwa na wawili peke yao. Jopo likawaruhusu kuwasilisha maandishi, ingawa si kukaa chumbani. Tuzo yenyewe ilitangazwa, mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma leo.

Marumaru za Tegeta si maji ya jiji. Najua. Lakini nilipoisoma habari ile nililielewa vizuri zaidi swali aliloniuliza fundi.

“Tununue tena pale?”

Ni fundi mkuu wa Injinia, mtu mzima, ameshabandika sakafu nusu ya Mbezi. Tuzo ilipotoka alinipigia.

“Dada, kwani imekuwaje? Tununue tena pale au tusinunue?”

Sikuwa na cha kumjibu. Usuluhishi wa biashara ni wa faragha, na wao walisaini pia karatasi ya kutunza siri. Kesi ingebaki mahakamani, hukumu ingewekwa TanzLII, tovuti ya wazi ya hukumu na sheria zetu, na fundi, au mtoto wake anayejua simu, angeisoma. Angejua kwamba namba za maboksi ni za kukaguliwa kabla ya gundi. Angejua kwamba kubandika ni kukubali. Somo hilo limegharimu thamani ya korido, na liko kwenye kabati la wakili.

Nilimpelekea Hajji hoja hii mwenyewe, dukani kwake, kwa heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Binti yangu,” akasema, “Kariakoo habari haifiki kama ilivyoondoka. Hapa ukiandika Hajji alishtakiwa kwa marumaru mbovu, akashinda, litakalofika mtaa wa pili ni Hajji marumaru mbovu. Benki inanikopesha kwa jina. Jina likienda, hao vijana ishirini unaowaona hapa nao wanakwenda.”

Nilitoka sina jibu kamili. Ana haki ya kuogopa, hasa akiwa ndiye aliyeshinda. Lakini wako wauzaji wasio na uaminifu wake, na pazia hilohilo linawafunika. Mtu anaweza kufikishwa kwa wasuluhishi na wanunuzi wanne tofauti, na wa tano akaingia dukani akitabasamu. Faragha inawalinda waliosaini. Anayekuja nyuma yao hana hata pa kuuliza. Mawazo yangu mpaka sasa yanaegemea hapa: majina yafichwe, tuzo zichapishwe. Vituo kadhaa vya usuluhishi duniani vinatoa tuzo zilizofutwa majina. Kituo cha Usuluhishi Tanzania, kilichoundwa na sheria yetu ya 2020, kingeweza kuwapa wafanyabiashara kitu hicho, kwa Kiswahili, na fundi wangu angepata jibu lake bila Hajji kupoteza jina.

Kifungu kipya

Wamerudi kufanya biashara. Siku 90 ni siku 90.

Safari hii Injinia aliniomba nikae na wakili tuandike ukurasa ule wa mwisho upya. Sampuli zitakuwa tatu, zimesainiwa na wote, moja kwake, moja kwa Hajji, moja kwa mtu wa tatu. Namba za maboksi zitasomwa na pande zote mbili kabla ya kupakua. Swali la rangi, kipimo au ufa litaamuliwa na mtaalamu ambaye jina lake limeandikwa leo, wakati hakuna aliyekasirika, naye lazima aende saiti mchana ndani ya siku saba. Wakili alinitahadharisha kwamba uamuzi wa mtaalamu wa namna hiyo si tuzo. Mmoja akikaidi, bado utahitaji msuluhishi wa kuutia nguvu. Tukaandika hivyo pia. Swali la fedha litaanza kwa mpatanishi, kikao kimoja, na likishindikana kila mmoja ataandika namba yake na msuluhishi atachagua moja. Swali la sheria tupu litaamuliwa kwa maandishi, bila kusikiliza mashahidi, isipokuwa msuluhishi mwenyewe aombe.

Kilichotusumbua ni nani amlipe mtaalamu. Injinia alitaka alipwe na atakayekosea. Hajji alisema mtaalamu anayesubiri kujua nani atamlipa ataanza kuangalia mifuko badala ya marumaru, kwa hiyo walipe nusu kwa nusu mapema. Alikuwa sahihi, tukaandika lake.

Mwisho niliongeza mstari mmoja wa kwangu: kwamba matokeo ya mgogoro wowote, bila majina na bila bei, yanaweza kuelezwa kwa mafundi na wanunuzi wengine.

Hajji aliusoma mkataba wote kaunta, polepole, kidole kikifuata maneno, jambo ambalo mara ya kwanza hakulifanya. Akasaini kila ukurasa. Mstari wangu akaupiga kalamu, akaweka herufi za jina lake pembeni. Nilimtazama Injinia nikitegemea atapinga. Akachukua kalamu, akaweka na zake.

Nimemwambia wakili tutauomba tena mkataba ujao.